Marehemu Aliyejibu Barua

Vrelac, 9 Machi 2009

Mheshimiwa Bibi Milunka,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Kama kuna jirani amekuja kunywa kahawa, mwache amalize aende zake. Haya ninayoandika yasitoke kwako. Usimsomee mtu, usimsimulie mtu kwenye simu, na ukimaliza ichome barua hii, au ifiche mahali ambapo hata wewe utapata taabu kuiona tena. Neno moja likifika ofisini kwetu, mimi ndiye nitakayetupwa nje wa kwanza.

Baada ya ombi hilo nakusalimu kwa heshima. Hujambo? Afya yako je? Swali hili watu huliuliza bila kungoja jibu. Mimi nalingoja.

Jina langu ni Tihomir. Nina miaka ishirini na minne na ni karani katika nyumba ya sanamu za nta hapa Vrelac. Barua zote zinazoingia huzifungua mimi. Jumanne iliyopita nilifungua kadi yako kutoka Graz: “Nimesikia kwa mwanamke wa saluni kwamba nimekufa na mmenisimamisha kwenu. Naomba kujua nilikufa lini, maana tarehe kumi na sita nina miadi na daktari wa meno. Milunka.” Niliisoma mara nne nikiwa wima. Kisha nikaitia ndani ya koti, na tangu siku hiyo sijalivua koti hilo hata nikiwa karibu na jiko.

Kosa ni langu. Mkurugenzi wetu, Bwana Kostadin, alitaka nyota wa zamani, wale walioimba kwenye redio na televisheni enzi ile, na kazi ya kutafuta habari zao akanipa mimi. Habari zako zilikuwa chache. Mtu akaniambia mumeo, marehemu Sretko, amezikwa kijijini kwao, nami nikaenda. Mvua ilikuwa inanyesha, makaburini hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Nikaliona jiwe jeusi lenye sura mbili zilizochongwa: yeye na kofia yake, wewe na kipaza sauti mkononi. Majina mawili, miaka miwili ya kuzaliwa. Chini ya jina lake, mwaka wa kufa. Chini ya jina lako palikuwa na kistari, kisha nafasi tupu.

Bibi, ninajua kabisa mjane huchonga jina lake pamoja na la mumewe. Bibi yangu mzaa mama ana jiwe lake tayari, na kila Jumamosi huenda kulifuta vumbi na kung’oa majani. Lakini siku ile nilikuwa nimelowa, nikaona mshumaa umewaka na maua manne kwenye kopo, nikadhani waliobaki hawakuwahi kumrudisha fundi amalizie tarehe. Niliporudi ofisini, fomu ilidai mwaka. Nilimwambia Bwana Kostadin kwamba haupo. Akasema niweke ule wa mume, wapendanao hufuatana. Nikaandika.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa kibao chetu, ulifariki mwaka 2006. Umesimama katika ukumbi wa Walioondoka, kati ya golikipa na mchekeshaji mmoja wa televisheni. Ukumbi wa Walio Hai uko ng’ambo ya korido.

Nisingeweza kulala kama nisingekuandikia. Niambie nifanye nini. Kazi hii nimeipata kwa muda wa majaribio tu, na chumba ninachoishi ni cha makumbusho. Ukijibu, tafadhali usiandike ofisini. Andika jina langu na “ingoje posta”, nami nitapita dirishani kila Ijumaa.

Kwa unyenyekevu,
Mwanao, Tihomir

*

Graz, 21 Machi 2009

Tihomir mwanangu,

Mlango nimeufunga kama ulivyotaka, ingawa ndani nipo na paka tu, na yeye ana siri nyingi kuliko wewe. Barua sijaichoma. Kwenye fleti hii ukiwasha kiberiti kengele hulia, na Waaustria wote wa ngazi yetu hutoka nje na makoti yao.

Salamu zako zimefika. Kwa maiti kama mimi, sijambo. Goti la kulia linauma nikipanda, la kushoto nikishuka. Jino limeng’olewa tarehe kumi na sita, kwa hiyo ukitaka kuwa mkweli kwenye kibao chako andika kwamba sehemu yangu imeshafariki.

Kwanza, acha hiyo “Mheshimiwa Bibi”. Nimefagia ofisi za watu miaka kumi na minane hapa, hakuna aliyeniheshimu kwa majina marefu. Niite shangazi. Pili, acha kuogopa. Sikuja kumshtaki mtu. Jiwe nililichonga mwenyewe Sretko alipokufa. Niliona bora nichague picha nikiwa na macho, kuliko kuwaachia watu waniwekee ile ya pasipoti. Nilimwambia fundi anipunguze kidevu, akanipunguza.

Sasa niambie. Kwenye nta kidevu kikoje? Nimevaa nini? Na nani anakuja kunitazama? Usinifiche, mimi nimezoea kuhesabu watu ukumbini kabla sijapanda jukwaani.

Shangazi yako,
marehemu Milunka

*

Vrelac, 6 Aprili 2009

Shangazi Milunka,

Shikamoo. Natumaini jino limepona na magoti yamepatana. Huku sote wazima, isipokuwa mimi, ambaye huangusha kalamu kila Bwana Kostadin anapoita jina langu.

Kidevu kimefuata jiwe, kwa sababu fundi wa nta alitumia picha niliyopiga makaburini. Umevaa gauni jekundu lenye mabega mapana, lile la kipindi cha televisheni cha mkesha wa mwaka mpya. Ni lenyewe hasa, lilitoka katika ghala la kituo cha televisheni. Umenyoosha mkono mmoja kama unayemwita mtu wa safu ya nyuma. Mpiga kodiani mmoja mstaafu alisema wanaonyoosha mkono hivyo ni wengi, ila wewe peke yako ndiye uliyekuwa unaita kweli.

Ulipoanza kuonyeshwa, redio ya mji ilirudia nyimbo zako wiki nzima. Watoto wa shule hupiga picha na golikipa, wazazi wao hupiga na wewe.

Sasa nakuomba ukae. Kuna mwanamke huja kila Jumapili baada ya ibada. Amevaa nguo nyeusi, viatu vya mpira, na pochi ameikumbatia kama mtu aliyeko kwenye treni. Mara ya kwanza mlinzi alidhani amepotea njia. Alisimama mbele yako, akatoa kitambaa cheusi na kukufunga mkononi juu ya lile gauni jekundu. Mlinzi akaja kumzuia, akamwambia kwa sauti ya chini: “Wewe mlinde golikipa. Huyu ni dada yangu.”

Anaitwa Dobrila. Huweka kikombe cha kahawa na sigara moja miguuni pako, kama tunavyowawekea wafu wetu, kisha huketi kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho mwenyewe. Huongea nawe kama nusu saa. Bwana Kostadin amekataza asisumbuliwe, kwa sababu wageni wanapenda kumtazama.

Sikujua kama una dada. Naomba unisamehe na hili pia.

Mwanao, Tihomir

*

Graz, 22 Aprili 2009

Tihomir mwanangu,

Kristo amefufuka. Mwaka huu nimeisema salamu hiyo kwa wivu kidogo.

Barua yako ilifika kabla ya Pasaka, nikaiacha mezani siku tano. Nilipika kabichi, nikaisahau, nikaiunguza. Dobrila ni dada yangu mkubwa. Hatujasemezana miaka kumi na tisa. Huwezi kujua, ulikuwa mtoto, nami sijapata kumweleza mtu. Sasa wewe ndiye karani wangu, andika.

Mama yetu alifariki tarehe ishirini na sita Novemba, mwaka themanini na tisa. Unajua kwetu: siku arobaini hakuna redio, hakuna ngoma, hata kupiga mluzi ng’ombe akirudi ni aibu. Dobrila alikuwa nyumbani kwa mama, vioo vimefunikwa. Mkesha wa mwaka mpya akaenda kwa jirani kurudisha sufuria, na pale televisheni ilikuwa inawaka. Nipo mimi, siku ya thelathini na sita ya msiba wa mama, kwenye gauni jekundu, nacheka, naimba, natakia taifa heri.

Mwanangu, kipindi cha mkesha hurekodiwa majani yakiwa bado mitini. Kila mtu wa kazi ile anajua. Tulisimama chini ya theluji ya pamba mwezi wa kumi, jasho linatutoka, tukinyanyua glasi za maji ya limau na kutakiana mwaka ambao haujafika. Mama alikuwa hai. Nilimpigia simu jioni hiyohiyo kumwambia gauni lilinibana.

Siku ya arobaini nilifika kwa Dobrila, palepale kwa mama, na kitambaa cheusi kichwani. Alisimama mlangoni, akaniambia: “Umeshaimba. Huna haja ya kulia.” Akafunga.

Ningeweza kusema sentensi moja tu. Sikuisema. Nilitaka dada yangu ajue bila kuambiwa kwamba mimi siwezi kufanya jambo lile. Nilingoja ajue. Miaka ikapita nikiwa nangoja. Sretko akapata kazi huku, nikamfuata.

Sasa niambie, anasema nini akikaa pale? Kila neno.

Shangazi yako, Milunka

*

Vrelac, 18 Mei 2009

Shangazi,

Nakusalimu. Je, umepumzika? Kuhusu mimi, nipo, ila nimefanya jambo ambalo karani hapaswi kufanya: Jumapili mbili sasa nimesimama nyuma ya mchekeshaji, nikijifanya nafuta vumbi, na nimesikiliza.

Mara nyingi anakusimulia habari. Paa la banda limevuja. Binti wa yule jirani mwenye televisheni ameolewa mara ya pili, na yule yule. Maboga yameota hata upande ambao hakupanda. Mara nyingine anakugombeza. Alikuuliza kwa nini uliachia wakuvike viatu hivi vyembamba, na wewe tangu utoto miguu yako hupata baridi.

Jana alinyoosha mkunjo kwenye gauni lako. Kisha akasema, na haya ni maneno yake: “Milunka, mlango ule niliubana mimi. Na sasa nimekuja kuongea na nta. Laiti ningekuwa na akili hii ukiwa unapumua.” Akafuta pua, akakunja kiti, akaondoka bila kunywa kahawa yake.

Shangazi, nilirudi chumbani na kikombe chake mkononi. Leo asubuhi niliingia ghalani, nikatafuta sanduku lililokuja na gauni. Ndani, chini ya karatasi ya kufungia, kuna hati ya ghala la televisheni: jina lako, jina la kipindi, na “Kurekodiwa: 17 Oktoba 1989”, pamoja na muhuri na sahihi. Nimeishika mikononi. Inatosha kabisa. Nipe ruhusa nimwonyeshe Jumapili ijayo, na kisha nimwambie kwamba uko hai. Nitakachofanywa na Bwana Kostadin nitakijua baadaye. Naandika hili haraka kabla ujasiri haujaniisha.

Mwanao, Tihomir

*

Graz, 2 Juni 2009

Tihomir,

Hapana.

Fikiri kidogo. Nilipokuwa hai alinyamaza miaka kumi na tisa. Nilipokufa ananiletea kahawa. Ukimwambia kwamba napumua, nani anakuhakikishia kwamba hatanyamaza tena? Hii nusu saa ya Jumapili ndiyo dada niliyenaye. Usiniondolee.

Rudisha hiyo hati kwenye sanduku lake. Endelea kufuta vumbi. Na niandikie anachosema kuhusu yale maboga yake.

Shangazi yako

*

Vrelac, 14 Septemba 2009

Shangazi mpendwa,

Hujambo? Magoti je? Nimetii. Majira yote ya joto nimekuandikia Jumapili baada ya Jumapili, nawe umenijibu kwa kadi za milima na maneno mawili matatu. Ninakushukuru kwa soksi, zimenitosha. Dobrila amekuletea nyanya, amekuletea mafuta ya kandili ya kanisani, Agosti alikuletea sweta na kuniuliza kama nta husikia baridi. Nilimjibu kwamba husikia joto zaidi. Akalirudisha sweta kwenye mfuko huku akicheka, halafu akakumbuka yuko wapi, akajiziba mdomo.

Sasa kuna hatari, na safari hii si yangu peke yangu. Bwana Kostadin ametangaza kwamba Jumamosi ya tarehe saba Novemba, Siku ya Wafu, kutakuwa na ibada ya kumbukumbu palepale ukumbini, mbele ya sanamu zote za Walioondoka. Kasisi ataitwa. Televisheni ya mkoa itakuja. Majina yatasomwa, na Dobrila ndiye atakayewasha mshumaa wako na kulitamka jina lako mbele ya kamera. Alipoombwa alikubali kwa kichwa. Akauliza kama ngano ya kuchemsha, ile inayoliwa kumkumbuka marehemu, itakuwa ya makumbusho au aipike yeye. Wakamwambia apike. Ameshachagua ngano, anaitoa mawe punje kwa punje.

Nilimuuliza bibi yangu, kwa kuzungukazunguka, inakuwaje jina la mtu aliye hai likisomwa kati ya wafu. Alifanya ishara ya msalaba mara tatu, akaniuliza ninamchukia nani.

Shangazi, mimi si mtu wa imani kubwa. Lakini nimeiona mikono yake ikichagua ngano hiyo. Siku atakapojua, na atajua kwa sababu wanawake wa saluni hawako Graz tu, atakumbuka kwamba alimwombea kama maiti dada yake aliye hai, mbele ya mkoa mzima, na ngano akaipika mwenyewe. Ulisema unaogopa atanyamaza. Baada ya jambo kama hilo, unadhani atakuwa na mdomo wa kukusemesha nao?

Nakusihi unipe ruhusa, au uje.

Mwanao, Tihomir

*

Vrelac, 12 Oktoba 2009

Shangazi,

Natumaini ni posta tu inayochelewa. Ijumaa nne nimekwenda dirishani. Yule mama wa posta sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Mabango yamebandikwa mjini. Jina lako ni la tatu kutoka juu.

Naomba hata kadi tupu.

Tihomir

*

Graz, 20 Oktoba 2009

Tihomir mwanangu,

Mimi ni mzima, usinizike mara ya pili.

Jumatano nilifunga begi. Nikamwacha paka kwa jirani, nikaenda kituo cha mabasi, nikaketi. Basi likaja. Dereva ni mtu wa kwetu, ana redio, na redio inaimba mimi. Abiria mmoja akasema, “Maskini Milunka, alikuwa na sauti.” Mwingine akasema nilikufa kwa ini, pombe. Nilitaka kumwambia kwamba tangu harusi yangu sijanywa rakia hata ya dawa. Mguu mmoja ulikuwa juu ya ngazi. Dereva akanambia, “Mama, unapanda au unaniaga?” Nikashuka. Nikarudi nyumbani, nikamchukua paka.

Wewe unamwogopa mkurugenzi, na unaona haya kwa hilo. Usione haya. Mimi nina miaka sitini na tatu, nimeimba mbele ya viwanja vilivyojaa, na ninauogopa mlango mmoja wa mbao. Nikifika akaufunga mara ya pili, sitakuwa na miaka mingine kumi na tisa ya kungoja.

Siwezi kukuambia fanya. Wala siwezi tena kukuambia usifanye. Kichwa changu kimechoka. Wewe ndiye uliyeko pale unamwona usoni.

Shangazi yako, Milunka

*

Vrelac, 3 Novemba 2009

Shangazi yangu,

Nakusalimu sana. Leo sijui nikuulize nini kuhusu afya, kwa sababu najua ukisoma mistari michache ijayo moyo utakwenda mbio. Keti. Mweke paka mapajani.

Barua yako niliipata Ijumaa. Jumamosi niliisoma tena. Jumapili, ibada ilipokwisha, Dobrila alikuja na kiti chake na bakuli dogo la ngano aliyotaka uionje kabla ya siku yenyewe, aone kama sukari inatosha. Nilimwomba mlinzi akatuvutie mlango. Nikapiga magoti karibu naye. Nikatoa ile hati. Nilikuwa nimejitayarisha maneno usiku kucha: tarehe, muhuri, theluji ya pamba. Nilisema, “Shangazi Dobrila, kipindi cha gauni hili kilirekodiwa Oktoba, mama yenu akiwa hai. Hakuimba msibani.”

Hakuishika karatasi. Alisema, “Najua.”

Nilidhani hakunielewa, nikaanza upya. Akaniwekea mkono mdomoni. Alisema alijua tangu Februari ile ile iliyofuata msiba. Yule jirani mwenye televisheni alikuwa na binamu fundi wa taa kituoni, akamwambia kila kitu, akicheka. Dobrila alirudi nyumbani siku hiyo akachukua koti aje kwako mjini akupigie magoti. Akafika njia panda, akakumbuka alivyokuambia mlangoni, mbele ya watu, na mama hata majani hayajaota kaburini. Akaona haya. Akasema atakwenda wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika aibu ilikuwa imeongezeka wiki moja. “Hasira ilinikaa siku arobaini,” alisema. “Iliyobaki yote ni aibu.”

Shangazi, miaka yote hiyo ulikuwa unangoja ajue, naye alikuwa anajua.

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikupata maneno mazuri. Nilisema, “Hajafa. Anaishi Graz, ana paka, ameng’olewa jino. Mwaka kwenye kibao niliuandika mimi kwa ujinga.”

Aliweka bakuli chini. Kisha akanipiga kofi. Lilikuwa zito, na golikipa alitikisika, au nilitikisika mimi. Halafu akakugeukia wewe, nta, akakuangalia kuanzia nywele mpaka viatu.

“Nilijua kidevu si chake,” akasema. “Nikadhani kifo kimempunguza.”

Akauliza kama bado unavuta sigara. Nikasema sijui, hujaandika. Akauliza ni nani anayekufungulia mlango ukirudi. Nikasema hakuna mtu. Hapo akalia, bila sauti, mabega tu. Alipomaliza alikufungua kile kitambaa mkononi, akakitia mfukoni, akachukua bakuli la ngano, tukatoka. Nyuma ya jengo aliwamwagia njiwa yote. Alisema hataki punje ibaki yenye jina lako.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Bwana Kostadin mwenyewe kabla habari hazijanitangulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. “Watu wa televisheni nimewaita waje wamwombee,” akasema. “Sasa niwaambie nini, Tihomir? Kwamba amepata nafuu?” Nilimwambia awaambie kwamba karani alikosea. Akasema hilo ndilo atakalowaambia, na kwamba karani huyo hayupo tena. Jina lako limetolewa kwenye orodha ya Jumamosi. Nilimwona akilikata kwa kalamu kabla sijatoka.

Wewe mwenyewe wamekutoa ukumbini. Huwezi kukaa kwa Walioondoka, na kwa Walio Hai nafasi imejaa wanasoka. Kwa sasa umesimama koridoni, karibu na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, umenyoosha mkono. Kila anayepita hukupisha.

Chumba changu nilitakiwa kukiacha jana jioni. Bado naogopa, nisikudanganye. Naogopa mama yangu atasema nini, naogopa sitapata kazi nyingine mji huu mdogo. Lakini koti nimelivua.

Sasa soma polepole jinsi ya kunipata. Posta usiandike tena, wala makumbusho. Niko kwa Dobrila. Alikuja na toroli, akabeba vitabu vyangu yeye, mimi akaniachia mto. Amenipa chumba cha nyuma, kile ambacho anasema dirisha lake lina alama ya kisigino chako. Ukiandika, anwani ni ile ile ya mama yenu, unaijua bila mimi. Ukija kwa basi, shuka penye kinu, si kituoni, nami nitakuwa pale kila Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni, nimeshika mwavuli hata kama kuna jua.

Lakini ukiweza, usingoje basi. Simu ya nyumba hii haijabadilishwa namba tangu mama yenu alipokuwa akiongea nawe. Amehamisha kiti chake mpaka karibu nayo, anasema huko kuna mwanga mzuri wa kufuma. Hakuna mwanga. Ukipiga, usinitafute mimi, mwache apokee yeye. Na akipokea usisikie neno, usikate. Yupo. Mpe muda.

Mwanao,
Tihomir